Lara Croft na Sura Zake: Kwa Nini Mhusika wa Gemu Habaki Alivyokuwa

Kila inapotolewa picha mpya ya Lara Croft, ugomvi ule ule huzuka. Wapo wanaosema amepunguzwa uzuri ili kuwaridhisha watu wasiocheza gemu. Wapo wanaoshukuru kwamba hatimaye amevikwa nguo za mtu anayeingia msituni kikweli. Wengine hawaoni cha kujadili: kompyuta zimekua, picha nazo zimekua, basi. Na wapo wanaoshikilia kuwa Lara wa kweli ni yule wa 1996, na waliofuata wote ni watu wengine waliopewa jina lake.

Mkanganyiko huu una sababu. Kila kundi limeshika chanzo kimoja cha mabadiliko na kukibebesha mzigo wote. Katika karibu miaka 30, Lara amebadilishwa na mashine, na wauzaji, na hadithi, na hata na macho ya wanaomtazama, na mara nyingi nguvu mbili au tatu kati ya hizo zimefanya kazi ndani ya toleo moja. Asiyezitenganisha atalaumu siasa mahali ambapo tatizo lilikuwa uwezo wa mashine, au atasifu teknolojia kwa uamuzi uliofanywa na idara ya mauzo.

## Derby, 1996: mwili uliokatwa kwa kipimo cha mashine

Lara alizaliwa katika kampuni ya Core Design, mjini Derby, Uingereza. Mbunifu wake alikuwa Toby Gard. Katika mawazo ya awali aliitwa Laura Cruz, mwanamke wa Amerika Kusini, kabla ya kugeuzwa Mwingereza wa ukoo wa kitajiri. Gemu ya kwanza, Tomb Raider, ilitoka mwishoni mwa 1996 kwa Sega Saturn, PlayStation na kompyuta.

Mashine za wakati huo zilichora kila kitu kwa vibapa vyenye pembe tatu au nne, viitwavyo poligoni. Idadi ya vibapa ambavyo mashine ingeweza kuchora kwa mara moja ilikuwa na ukomo, na Lara aligawana vibapa hivyo na kuta, maji na mbwamwitu. Aliambulia mia chache tu. Mwili wake haukuwa kitu kimoja. Ulikuwa vipande 15 vilivyopangwa pamoja: nyonga, kiwiliwili na kichwa, kwa kila mguu paja, muundi na unyayo, kwa kila mkono sehemu ya juu, kigasha na kiganja. Alipokunja goti, kipande kimoja kilizama ndani ya kingine na kona kali zikajitokeza.

Zitazame nguo zake kwa jicho hilo. Singleti ya kubana, rangi ya samawati inayoelekea kijani, kaptula ya kahawia, buti, begi dogo mgongoni, bastola mbili mapajani. Vazi pana lingehitaji kupepea, kujikunja na kuachana na ngozi, na hesabu hizo zilikuwa nje ya uwezo wa PlayStation ya kwanza. Vazi la kubana lilipakwa tu juu ya umbo. Miguu na mikono iliyo wazi ilitofautiana na rangi ya mawe, kwa hiyo mchezaji aliyemfuata kwa nyuma kwenye televisheni yenye picha hafifu aliona bila shida mguu upi umetangulia. Kusema hivi si kukana kwamba umbo lile, lenye kiuno chembamba mno na kifua kilichozidishwa, lilichaguliwa na watu. Lilichaguliwa. Lakini lilichaguliwa ndani ya chumba kidogo ambacho kuta zake zilijengwa na mashine.

Msuko wake unaonyesha jambo hilo vizuri kuliko kitu kingine chochote. Katika video fupi zilizotayarishwa kando na kuingizwa katikati ya hatua za gemu ya kwanza, Lara ana msuko mrefu. Katika mchezo wenyewe hana. Nywele zimefungwa kisogoni. Msuko unaoning'inia na kuyumba kila anapogeuka ulifika na Tomb Raider II, mwaka 1997. Yaani alama ambayo mashabiki wengi huitaja kwanza wanapomtetea Lara wa asili haikuwemo katika mwili waliouongoza kwa vidole vyao mwaka 1996.

Jambo la mwisho kuhusu toleo hilo ndilo zito zaidi, nalo husahaulika. Dunia ya gemu ile ilijengwa kwa miraba ya ukubwa mmoja. Lara akiruka kutoka aliposimama alivuka pengo la mraba mmoja. Akikimbia kisha akaruka, alivuka miwili. Akinyoosha mikono akadaka ukingo, mitatu. Mchezaji alisimama, akahesabu, akarudi nyuma hatua moja, ndipo akabonyeza. Mwili wa Lara ulikuwa rula ya dunia yake. Hapo ndipo mhusika wa gemu anapoachana na mhusika wa katuni au filamu: kumbadilisha umbo na mwendo ni kubadilisha pia kile ambacho mkono wa mchezaji umekwisha kukizoea.

## Mario na deni la masharubu

Lara hakuwa wa kwanza kuumbwa na uhaba. Shigeru Miyamoto wa Nintendo alipomchora shujaa wa Donkey Kong mwaka 1981, alikuwa na nukta chache mno za kufanyia kazi. Mdomo usingeonekana, kwa hiyo akachora masharubu chini ya pua kubwa. Nywele zilikuwa shida kuchora, akaweka kofia. Ovaroli ikapewa rangi tofauti na shati ili mikono ionekane inaposogea. Mtu huyo aliitwa Jumpman, alikuwa seremala, na ovaroli yake ilikuwa nyekundu. Baadaye akawa Mario, fundi bomba, na rangi za nguo zikageuka: shati jekundu, ovaroli ya buluu.

Leo mashine za Nintendo zingeweza kumchorea Mario mdomo wa kila namna, na hakuna anayezuiwa tena kuchora nywele. Masharubu yamebaki, na kofia imebaki. Katika Super Mario Odyssey ya 2017, kofia imepewa macho, jina na kazi yake yenyewe. Kilichoanza kama njia ya kukwepa tatizo kimegeuka kitambulisho. Kwa hiyo anayesema kwamba kikwazo kikiondoka, sura iliyotokana nacho nayo haina haki ya kubaki, anajibiwa na Mario mwenyewe.

## Soko linapoingia

Mwaka 1997 Lara alitoka ndani ya gemu. Alikuwa kwenye jalada la jarida la Uingereza la The Face, na kwenye skrini kubwa za ziara ya PopMart ya bendi ya U2. Baadaye akatangaza kinywaji cha Lucozade. Wachapishaji wake, Eidos, waliajiri wanamitindo wa kuvaa kaptula na bastola katika maonyesho ya biashara. Toby Gard aliondoka Core Design mwaka huo huo wa 1997, akiwa hana tena usemi juu ya mhusika aliyemuumba.

Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko matangazo yenyewe. Picha za matangazo hazikutengenezwa na PlayStation. Zilichorwa taratibu kwenye kompyuta ambazo zingeweza kutumia muda mrefu kwa picha moja, kwa hiyo zilikuwa na midomo iliyojaa, ngozi laini na mikao ya mwanamitindo. Umma ukawa na Lara wawili: mmoja wa kona kona ndani ya gemu, mwingine laini kwenye mabango. Wengi waliomjua kwa jina walimjua huyu wa pili. Kila mashine mpya ilipoongeza uwezo, wachoraji walimsogeza Lara wa mchezo kuelekea Lara wa bango. Ndiyo maana maelezo kwamba teknolojia ilipokua sura ikakua hayatoshi: teknolojia ilitoa mwendo, mwelekeo ulitoka kwenye tangazo.

Hatua za kati zaweza kupitwa haraka. The Last Revelation ya 1999 iliunganisha viungo, kona za magoti na mabega zikafunikwa na ngozi moja. The Angel of Darkness ya 2003, kwa PlayStation 2, ilimpa maelfu ya poligoni na mavazi magumu zaidi, lakini ilipokelewa vibaya kwa kasoro zake nyingi, na mfululizo ukahamishiwa kwa Crystal Dynamics ya Marekani. Gard alirudi kusaidia, na Legend ya 2006 ikampunguzia Lara vipimo vilivyokithiri bila kumwondolea vitu vinavyomtambulisha. Katika Underworld ya 2008, miondoko yake ilinakiliwa kutoka kwa mwanasarakasi Heidi Moneymaker, na tope lilimganda mwilini hadi alipoingia majini. Sasa mazingira yalimwachia alama.

## 2013: suruali, jeraha na uso mpya

Mabadiliko makubwa kuliko yote yalikuja na Tomb Raider ya 2013. Lara alirudishwa ujanani, na meli yake ikavunjika katika kisiwa cha Yamatai. Kaptula ikaondoka, suruali ikaingia. Bastola mbili zikaupisha upinde. Vipimo vya mwili vikawa vya mwanamke unayeweza kupishana naye njiani. Singleti ilichanika, bendeji zikaongezeka, damu ikakauka juu ya ngozi. Kwenye kompyuta, programu ya TressFX ya kampuni ya AMD ilihesabu mwendo wa nywele zake unywele kwa unywele, ilhali miaka 17 kabla mashine ilishindwa na msuko mmoja.

Waliosema Lara amestiriwa walisimulia nusu ya habari. Kabla gemu haijatoka, mwaka 2012, mtayarishaji wake mmoja alisema wachezaji watataka kumlinda. Kauli hiyo ilizua hasira, na hasira hiyo ilikuwa na haki. Lara wa 1996 hakulindwa na mtu. Yeye ndiye aliyekwenda mbele, mtulivu, mwenye kiburi kidogo. Lara wa 2013 alivaa zaidi na akateswa zaidi: alichomwa na chuma ubavuni karibu mara tu baada ya kufika, na vifo vyake pale mchezaji anapokosea vilionyeshwa kwa ukaribu wa kuumiza macho. Nguo zilibadilika, na jicho la kamera likabadilisha tu kitu cha kutazama. Anayepima heshima ya mhusika kwa urefu wa suruali atapitwa na jambo hili.

Hata hivyo toleo lile lilikuwa na uzima ambao wakosoaji wake hawakuupa haki yake. Baridi ilimtetemesha, na suruali ilikuwa na maana. Upinde ulimlazimu mchezaji anyemelee, na mwili uliochoka ulionekana umechoka. Umbo, hadithi na vitendo vya mkono vilikubaliana.

Kisha ikaja Januari 2014. Toleo la Definitive Edition, kwa PlayStation 4 na Xbox One, lilimpa Lara uso mwingine. Hadithi ile ile, kisiwa kile kile, majeraha yale yale, karibu miezi kumi na moja tu baadaye, lakini uso ulikuwa tofauti kiasi kwamba waliocheza matoleo yote mawili waliona wazi. Kati ya mabadiliko yote ya Lara, hili ndilo lenye utetezi dhaifu zaidi. Nafasi ya kuongeza maelezo kwenye ngozi na nywele ilikuwepo, lakini hapakuwa na jambo katika hadithi wala katika mchezo lililodai mwanamke mwingine.

## Misimamo inayovutana

Msimamo wa kwanza ni wa uhifadhi: sura ya asili iachwe. Nguvu yake ni kwamba mhusika hutambulika kwa alama chache, na mwenye mali akizivuruga anapoteza kitu kisichonunulika tena. Mario ni shahidi wake mkubwa. Udhaifu wake ni kwamba asili yenyewe huwa ngumu kuishika. Ni Lara yupi wa asili: asiye na msuko kwenye mchezo wa 1996, au mwenye msuko kwenye video za gemu hiyo hiyo? Mara nyingi kinachotetewa ni kumbukumbu ya bango, au ya toleo ambalo mtu alilicheza akiwa na umri wa miaka 12.

Msimamo wa pili ni wa mashine: uwezo ukiongezeka, utumike. Una mashiko kwa sababu hakuna mchoraji aliyechagua kona za magoti. Zilikuwa madeni, na madeni hulipwa. Lakini una mtego. Sura iliyorahisishwa huvumiliwa makosa, ilhali sura inayokaribia sana ubinadamu huhukumiwa kwa kila unyusi. Mwaka 1970 mtaalamu wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, alieleza jinsi kitu kinachokaribia kufanana na mtu bila kufika kinavyoweza kumtia mtu kinyaa. Kadiri Lara anavyozidi kufanana na mtu halisi, ndivyo kila uso mpya unavyoonekana kuwa mtu mpya. Mario hana shida hiyo, kwa kuwa hakuna binadamu mwenye pua ile.

Wa tatu husema mhusika aendane na kizazi chake. Huu umenufaisha gemu kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Kifua cha Lara wa mabango kilikuwa ujumbe kwa wanaume vijana wa 1997 kuhusu nani anauziwa, na wanawake waliompenda Lara tangu mwanzo walilazimika kuupuuza ujumbe huo ili wacheze. Kuuondoa kulikuwa kurekebisha dosari. Tatizo ni kwamba kizazi husomwa kupitia idara ya mauzo, na idara hiyo huwa na haraka ya kubadilisha kinachoonekana kwenye picha ya tangazo, kabla ya kinachotendeka ndani ya mchezo. Mwaka 2013 ni mfano mzuri: nguo zilirekebishwa, ilhali jicho la kamera lilihamia kwenye mateso.

Wa nne humpa mtazamaji kauli ya mwisho, na shahidi wake ni Sonic, shujaa wa gemu za kampuni ya Sega. Mwishoni mwa Aprili 2019, trela ya filamu yake ilimwonyesha akiwa na meno ya binadamu, macho madogo na miguu yenye misuli. Watu walichukizwa. Siku chache baadaye mwongozaji Jeff Fowler alitangaza kwamba sura itabadilishwa. Filamu ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020, na msanii Tyson Hesse, aliyekuwa amechora vitabu vya katuni vya Sonic, akaongoza kazi hiyo. Filamu ilipendwa na ikazaa nyingine mbili. Katika kisa hiki umma ulikuwa sahihi kabisa, na waliolipia kosa kwa saa za ziada walikuwa wachoraji, ambao si wao walioidhinisha sura ya kwanza.

Lakini umma huo huo wa Sonic umegawanyika tangu 1998, Sonic Adventure ilipomrefusha miguu na kumpa macho ya kijani badala ya umbo la mviringo na macho meusi ya 1991. Wapo wanaomtaka mfupi, wapo waliomjua mrefu. Sauti ya mashabiki hueleza kwa usahihi mkubwa kinachochukiza, na hutoa msaada mdogo panapohitajika kuchagua kati ya vitu viwili vinavyopendwa.

## Kupima

Kwa maoni ya mwandishi huyu, msimamo wa tatu ndio wenye haki zaidi ya kuanzisha mabadiliko, wa kwanza ndio wenye haki ya kuyawekea mipaka, na wa pili ni chombo tu. Mipaka hiyo haihusu rangi ya singleti. Inahusu makubaliano kati ya mwili na kile ambacho mchezaji anaufanyia. Legend ilimpunguzia Lara vipimo na haikuvunja kitu, kwa kuwa aliendelea kupanda, kurukia na kudaka kwa kujiamini kule kule. Suruali ya 2013 ilikuwa halali kwa sababu mchezo wenyewe uligeuka wa baridi, njaa na kunyemelea. Uso wa 2014 haukuegemea chochote cha namna hiyo.

Sega walipata njia nyingine mwaka 2011. Sonic Generations iliwaweka Sonic wawili katika gemu moja: mfupi mwenye macho meusi, ambaye hatua zake huchezwa kwa ubavu kama zamani, na mrefu mwenye macho ya kijani, anayekimbia kwa kasi kuelekea mbele huku kamera ikimfuata nyuma. Kila mwili ulipewa dunia inayouelewa, na hakuna aliyelazimishwa kukiri kwamba Sonic wake ni wa uongo.

Tomb Raider ilifanya jaribio linalofanana Februari 2024, kampuni ya Aspyr ilipotoa upya gemu tatu za kwanza. Kwa kubonyeza kitufe kimoja, wakati wowote, mchezaji hubadilisha kati ya picha za zamani na mpya: Lara wa kona kona, kisha Lara aliyelainishwa. Miraba chini ya miguu yake haibadiliki. Pengo la miwili ni la miwili katika sura zote mbili, na anayebonyeza kitufe hicho Lara akiwa hewani atamwona akitua pale pale.

Sura mpya katika toleo hilo ilipokelewa kwa ukarimu. Kilicholalamikiwa zaidi kilikuwa namna mpya ya kumwongoza, iliyoongezwa kwa ajili ya wachezaji wa leo, ambayo humgeuza Lara kuelekea popote kijiti kinapoelekezwa. Katika dunia iliyopimwa kwa miraba, wepesi huo uliwaangusha watu shimoni, na wengi wakarudi kwenye vitufe vya 1996 huku wakimwacha Lara na uso wake wa 2024.